Jacek Kuroń: Waziri Aliyegawa Supu

Mara nyingi katika kurasa hizi tunasimulia maisha ya watakatifu, mapadre na walei waliolitumikia Kanisa. Leo tunamsimulia mtu aliyejitambulisha wazi kuwa si muumini. Hata hivyo tumeona vema kumleta kwenu, kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo sisi waseminari na ninyi waamini wa parokiani hatuwezi kulikwepa: mtu mwenye nia njema afanye nini pale uamuzi anaouona wa lazima unapowaumiza maskini?

Jacek Kuroń alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 katika mji wa Lwów, uliokuwa Poland wakati huo na ambao leo ni Lviv nchini Ukraine. Nyumbani kwao siasa za kijamaa zilikuwa mazungumzo ya kila siku. Alikua akishuhudia vita, na vita vilipokwisha na wakomunisti kushika madaraka, yeye kijana aliamini kwamba sasa mfanyakazi ameokolewa. Akajiunga na jumuiya ya vijana ya chama, kisha na chama chenyewe, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Warsaw, akawa pia mlezi wa vijana wa skauti.

Imani yake hiyo ilivunjika kwa kuyaona maisha ya wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1965 yeye na rafiki yake Karol Modzelewski walisambaza barua ya wazi kwa chama. Humo walieleza kwamba serikali inayojiita ya wafanyakazi imekuwa mikononi mwa watu wachache wanaoamua kila kitu, na kwamba mfanyakazi hana sauti juu ya jasho lake. Kuroń akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alitoka mwaka 1967, na Machi 1968, wanafunzi walipoandamana, akakamatwa tena na kukaa gerezani hadi mwaka 1971. Ukijumlisha vipindi vyote vya maisha yake, alikaa kifungoni karibu miaka 9.

Juni 1976 serikali ilitangaza kupandisha bei za vyakula. Wafanyakazi wa Radom na Ursus wakagoma. Serikali ikafuta bei hizo, lakini ikalipiza kisasi: watu walipigwa, wakafukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Septemba mwaka huohuo kikundi kidogo cha watu kilianzisha Kamati ya Utetezi wa Wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama KOR. Kuroń alikuwa mmoja wao. Alikuwamo pia padre mzee, Jan Zieja. Kazi yao haikuwa ya maneno makubwa. Walikwenda mahakamani kuketi na familia za washitakiwa, wakatafuta mawakili na madaktari, wakachangisha fedha kwa ajili ya wake na watoto wa waliofungwa. Simu ya nyumbani kwa Kuroń ikawa mahali pa kupokelea habari kutoka nchi nzima.

Mwezi Mei 1977 Kuroń na wenzake walikamatwa. Watu kadhaa, waumini na wasioamini, waliingia katika kanisa la Mtakatifu Martino mjini Warsaw na kufunga chakula wakidai wafungwa waachiliwe. Kanisa ndilo lililowapa mahali. Kuroń hakulisahau hilo. Aliwahi kuandika juu ya watu wanaojaribu kuishi upendo wa Injili ingawa hawajapata kumwamini Mungu, na ni dhahiri alijihesabu miongoni mwao.

Agosti 1980 mgomo wa kiwanda cha meli cha Gdańsk ulizaa chama huru cha wafanyakazi cha Solidarność, yaani Mshikamano, kilichoongozwa na fundi umeme Lech Wałęsa. Kuroń akawa mmoja wa washauri wake. Tarehe 13 Desemba 1981 utawala wa kijeshi ulitangazwa na Kuroń akawekwa kizuizini. Novemba 1982, angali mfungwa, mke wake Grażyna alifariki dunia. Huyu ndiye aliyekuwa ameshika nyumba na kazi ya kamati kila mumewe alipokamatwa. Msamaha wa mwaka 1984 ulimrudisha nyumbani, na nyumba ilikuwa tupu.

Mwaka 1989 mambo yakageuka. Wakomunisti walikubali kuketi na wapinzani kwenye Meza ya Duara, uchaguzi ukafanyika tarehe 4 Juni, na Agosti Tadeusz Mazowiecki, Mkatoliki, akawa Waziri Mkuu. Mfungwa wa jana, Jacek Kuroń, akateuliwa kuwa Waziri wa Kazi na Sera za Jamii. Alikwenda ofisini na shati lake la jinsi.

Hapa ndipo uzito wa maisha yake ulipo, ndugu msomaji. Nchi ilikuwa na madeni makubwa, maduka hayakuwa na bidhaa, na mfumuko wa bei ulikuwa umepita udhibiti. Waziri wa Fedha, Leszek Balcerowicz, alileta mpango ulioanza tarehe 1 Januari 1990: bei nyingi ziachiwe, ruzuku zipunguzwe, na viwanda vinavyopandisha mishahara kupita kiwango vitozwe kodi kali. Mwezi Januari peke yake bei zilipanda kwa karibu asilimia 80. Baadaye maduka yalijaa na bei zikaanza kutulia. Lakini viwanda vilivyokuwa vikiishi kwa ruzuku vilianza kupunguza watu.

Tuelewe maana yake kwa watu wale. Chini ya ukomunisti, ukosefu wa ajira haukukubaliwa hata kuwapo. Kiwanda hakikutoa mshahara tu. Mara nyingi kilitoa pia nyumba, zahanati, shule ya watoto wadogo na likizo ya familia. Aliyepoteza kazi alipoteza vyote kwa pamoja. Mwisho wa mwaka 1990 waliosajiliwa kuwa hawana kazi walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Mwaka mmoja baadaye walipita milioni 2, na mwisho wa mwaka 1993 walikaribia milioni 2.9, yaani asilimia 16 ya nguvukazi. Mashamba ya serikali yalipovunjwa, vijiji vizima vilibaki bila mwajiri.

Kuroń aliukubali mpango huo. Aliamini hakuna njia nyingine, na kwamba kuchelewa kungewaumiza maskini zaidi. Akajitwika kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwaeleza watu, na mara kwa mara alionekana kwenye televisheni akizungumza kwa lugha ya kawaida, kama jirani anayeongea na jirani. Ya pili ilikuwa kuweka kinga. Sheria ya mwisho wa Desemba 1989 iliwapa wasio na kazi posho, na mwanzoni masharti yake yalikuwa mepesi mno, hata asiyewahi kuajiriwa aliweza kuipata. Idadi ilipoongezeka, hazina ikalemewa na masharti yakakazwa. Novemba 1990 ilipitishwa sheria ya ustawi wa jamii, na ofisi za kusaidia maskini zikawekwa katika kila wilaya ndogo. Waziri mwenyewe alisimama barabarani akiwa na upawa, akiwagawia watu supu. Wananchi wakaiita supu ile kwa jina lake, kuroniówka, na posho ya wasio na kazi ikapata jina hilohilo. Ni viongozi wachache ambao jina lao limebaki katika chakula cha maskini.

Tukitaka kuona mabadiliko yale yangeweza kugharimu kiasi gani, tutazame Urusi. Huko umri wa kuishi wa wanaume ulishuka kutoka takriban miaka 64 mwaka 1990 hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994. Poland ulishuka kidogo tu mwaka 1991, kisha ukaanza kupanda. Hatusemi kwamba supu ya Kuroń ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwa maana sababu zake ni nyingi, zikiwamo ulevi, lishe na matibabu. Tunasema tu kwamba uchumi unapogeuzwa, hesabu yake huandikwa pia katika miili ya watu.

Alirudi kwenye wizara hiyo mwaka 1992 katika serikali ya Hanna Suchocka, migomo ikiwa imeenea. Safari hii aliwaketisha pamoja serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri, na Februari 1993 wakatia saini mapatano juu ya viwanda vya serikali, ili wafanyakazi wawe na sauti katika namna kiwanda chao kitakavyobinafsishwa. Mei mwaka huohuo serikali ikaanguka bungeni kwa tofauti ya kura moja, na hoja ya kuiangusha ilitoka kwa wabunge wa Mshikamano wenyewe. Baadhi ya matunda ya mapatano yalibaki, hasa meza ya majadiliano ya pande tatu iliyoundwa mwaka 1994.

Mwaka 1995 aligombea urais akashika nafasi ya tatu, akiwa na asilimia 9 tu ya kura. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa mgonjwa, alifanya jambo ambalo wanasiasa wachache hulifanya: alikiri hadharani kuwa ana sehemu katika lawama. Alisema wafanyakazi walioiangusha dola ya zamani ndio walioachwa nyuma katika ile mpya, na kwamba wao viongozi walijenga bila kuwashirikisha vya kutosha. Hakuishia kwenye majuto. Pamoja na mke wake wa pili, Danuta, alianzisha kazi ya elimu katika kijiji cha Teremiski, kando ya msitu wa Białowieża, kwa ajili ya vijana wa vijijini wasio na nafasi. Alifariki Warsaw tarehe 17 Juni 2004.

Sisi tunaosoma falsafa tumejadiliana sana juu yake. Wengine kati yetu walisema alifanya alichoweza, kwani Poland ilianza kukua tena mwaka 1992, kabla ya jirani zake. Wengine walisema supu haiwezi kufidia haki. Tukakumbuka kwamba Papa Yohane Paulo II, mwana wa nchi hiyohiyo, alifundisha mwaka 1981 katika Laborem Exercens kuwa kazi ya mtu hutangulia mtaji, na mwaka 1991 katika Centesimus Annus kuwa soko lina manufaa yake, lakini yapo mahitaji ya binadamu ambayo soko haliyaoni. Kuroń alihangaika katikati ya kweli hizo mbili.

Wazazi wetu wanakumbuka mashirika ya umma yalipobinafsishwa hapa Tanzania katika miaka ya 1990, na baba wa familia walivyorudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi. Jambo hili si geni kwetu. Katika jumuiya zetu wapo waliopoteza kazi wiki hii.

Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, upawa wa supu usidharauliwe, kwa sababu mwenye njaa hawezi kusubiri sera nzuri. Pili, upawa huo usitufanye tuache kuuliza kwa nini foleni ni ndefu, na kama walio kwenye foleni waliulizwa chochote kabla ya uamuzi kupitishwa. Kuroń alilijua la kwanza tangu ujana wake, na la pili akalikiri uzeeni. Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji tunaomba neema ya kuyajua yote mawili mapema.