Leif Larsen, baharia wa Norwe na medali za Waingereza

Leif Larsen alizaliwa mu Bergen, Norwe, mwaka 1906. Wajerumani walipokamata inchi yake alikimbilia visiwa vya Shetland, kwa Waingereza. Kutoka kule alikuwa anarudi kwao na mashua ya wavuvi, wakati wa baridi sababu usiku ni mrefu, anapeleka silaha na kutosha watu. Alifanya safari 52.

Oktoba 1942 walimutuma kuzamisha Tirpitz, manowari kubwa iliyojificha karibu na Trondheim. Mashua yake Arthur ilipakia udongo wa kuwasha moto, kama ya mchuuzi tu. Wajerumani wakaikagua, wakaiacha. Kumbe chini ya maji kulifungwa mabomu mawili ya kupandwa na watu. Karibu ya kufika, zoruba ikayakata. Kazi ikafia pale.

Wakazamisha mashua, watu kumi wakaenda kwa miguu mpaka Uswidi. Tisa walifika. Mwingereza Robert Evans alipigwa risasi njiani, wakamuacha. Wajerumani wakamutibu, halafu wakamuua. Wanaoshuka chini pamoja wanaelewa uzito wa ile.

Kwa kazi hiyo isiyofaulu, Larsen alipewa Conspicuous Gallantry Medal. Hakuna mgeni aliyeipata mbele yake. Nyingine zilifuata, mpaka DSO.

Mwaka 1943 ndege zilimuzamishia mashua Bergholm. Wakapiga kasia siku kadhaa mpaka Norwe. Alikufa 1990. Sanamu yake iko Bergen.