Amiri Zheng He na Twiga wa Malindi

Mtaa wa Kizingo, ulioko kusini mwa kisiwa cha Mombasa, unaukabili mlango wa bahari unaopitiwa na meli ziingiazo Kilindini. Miongoni mwa meli hizo zimo zitokazo Uchina, na uhusiano huo si mgeni. Upande wa Mji wa Kale, katika makumbusho ya Ngome ya Yesu, mna vyombo vya kaure vya Kichina vilivyofukuliwa kwenye magofu ya pwani. Aidha, ramani za mabaharia wa Kichina zinazonasibishwa na safari za karne ya 15 zinaitaja Malindi na Mombasa kwa majina. Anayehusishwa zaidi na safari hizo ni Amiri Zheng He, ambaye aghalabu husimuliwa kama baharia tu. Hata hivyo, maisha yake hayafahamiki barabara pasi na kuzingatia fikra zilizoitawala jamii aliyoitumikia, yaani mafundisho ya Confucius na yale ya Utao.

Zheng He alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, katika ukoo wa Kiislamu ulioitwa Ma. Baba yake na babu yake wote wawili walijulikana kwa lakabu ya Haji. Majeshi ya utawala wa Ming yalipoivamia Yunnan mnamo 1381 na 1382, baba alifariki na mtoto akatekwa. Alihasiwa, kisha akapelekwa kumtumikia mwanamfalme Zhu Di kaskazini mwa nchi.

Uzito wa tukio hilo unadhihirika mtu anapoyatazama mafundisho ya Confucius, mwanafikra aliyeishi kati ya 551 na 479 K.K. Mafundisho hayo yaliijenga jamii juu ya mahusiano matano: ya mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, ndugu mkubwa na mdogo, na rafiki na rafiki. Kilele cha wema kilikuwa kuwatii na kuwaenzi wazazi. Mwili ulihesabiwa kuwa amana iliyotoka kwao, isiyofaa kujeruhiwa, na kupata mrithi wa kuwakumbuka wahenga lilikuwa jambo la wajibu. Towashi, kwa mizani hiyo, alikuwa amepungukiwa mara mbili: mwili wake ulikuwa umetiwa ila, na nasaba yake ilikuwa imekatika. Wasomi waliofuzu mitihani ya vitabu vya Confucius na kushika nyadhifa za serikali waliwadharau matowashi, na kuwaogopa pia kwa kuwa walikuwa karibu na mfalme.

Zhu Di alipokiasi kiti cha mpwa wake na kukitwaa mwaka 1402, Zheng He alikuwa miongoni mwa waliompigania. Mwaka 1404 alitunukiwa jina la ukoo la Zheng, na mwaka uliofuata akateuliwa kuongoza msafara mkubwa wa baharini. Kabla ya kung'oa nanga alihakikisha kwamba kaburi la baba yake huko Yunnan limewekewa jiwe la kumbukumbu, na maandishi yake yalitungwa na waziri aliyekuwa msomi wa Confucius. Hivyo Mwislamu aliyenyimwa uwezo wa kuwa baba alitimiza wajibu wa mwana kwa namna ambayo hata waliomdharau hawakuweza kuikosoa.

Kati ya 1405 na 1433 misafara saba ilitoka Uchina, na ule wa kwanza pekee ulibeba zaidi ya watu 27,000. Ilifuata pepo za msimu zilezile za kaskazi na kusi zilizoendesha majahazi ya Waswahili. Baharini, mabaharia hawakumtegemea Confucius, ambaye mafundisho yake yalihusu zaidi mwenendo wa watu na serikali. Walimwomba Tianfei, mlinzi wa wasafiri wa baharini, ambaye ibada yake ilikuwa imeingia katika Utao. Utao, unaonasibishwa na Laozi, ulimhimiza binadamu aende sambamba na maumbile badala ya kushindana nayo, fikra isiyo ngeni kwa mtu aishiye kwa kungoja upepo. Zheng He mwenyewe alisimamisha mawe ya maandishi ya kumshukuru Tianfei mnamo 1431. Kabla ya hapo, jiwe la mwaka 1409 lililopelekwa Galle, katika kisiwa cha Sri Lanka, lilikuwa limeandikwa kwa Kichina, Kitamil na Kiajemi, likimtukuza Buddha, mungu wa Wahindu na Mwenyezi Mungu. Amiri huyo alijua kuishi baina ya imani nyingi.

Mwaka 1415 wajumbe kutoka nchi ambayo wanahistoria wengi huitambua kuwa Malindi walifika kwa mfalme wakiwa na twiga. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi ambaye huaminika kutokea mtawala anapotawala kwa haki. Mnyama huyo anahusishwa na Confucius mwenyewe, kwani kitabu cha tarehe kinachonasibishwa naye kinakoma kwa habari ya qilin aliyekamatwa mwaka 481 K.K. Maafisa wakamhesabu twiga wa pwani ya Afrika kuwa ushahidi kwamba mbingu zimemridhia mfalme. Msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, ulitumwa kuwarejesha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Mogadishu, Barawa na Malindi.

Hata hivyo, mizani iliyompokea twiga ndiyo iliyozihukumu meli. Mwaka 1421 radi iliziunguza kumbi tatu kuu za kasri jipya la Beijing. Ikiwa twiga alikuwa dalili ya radhi, basi moto ulikuwa onyo. Wasomi walilalamikia gharama za ujenzi, za vita na za safari, ilhali mkulima alikuwa akielemewa na kodi. Katika mpangilio wao wa tabaka, msomi alitangulia, akafuatwa na mkulima kisha fundi, na mfanyabiashara akawa wa mwisho. Mfalme alipofariki mwaka 1424, mrithi wake alizisimamisha safari, na Zheng He akapewa kazi ya kuongoza kikosi cha ulinzi mjini Nanjing. Msafara wa saba uliruhusiwa mwaka 1430, naye akauongoza akiwa na umri wa takriban miaka 60. Wengi husema alifariki mwaka 1433 akiwa njiani kurejea. Misafara ya aina hiyo haikurudi tena.

Miaka 65 baadaye, mnamo 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa, na mwaka 1505 Wareno wakauteketeza mji huo. Haikosi maana kwamba walikuta bahari iliyokwisha kuachwa na dola kubwa kuliko yao. Katika miji ya Waswahili biashara ilikuwa mhimili wa uungwana. Kwa wasomi wa Uchina ilikuwa kazi ya tabaka la chini. Hoja yao haikuwa upuuzi, kwa kuwa walimtetea mkulima aliyelipia fahari ya mfalme. Lakini kwa kumtetea huyo waliufunga mlango ambao watu wa mbali waliuhitaji pia. Maisha ya Zheng He yanathibitisha kwamba meli huendeshwa na upepo, lakini huruhusiwa au huzuiwa na fikra. Na kwamba fikra za taifa moja huweza kuamua majaliwa ya pwani ambayo wenye fikra hizo hawakupata kuiona.