Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa askofu wala kasisi, wala hakuwa Mwanglikana. Ni Michael Faraday, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza, ambaye kazi yake inatufikia kila tunapowasha taa ya umeme.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa London. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na mara nyingi chakula kilikuwa haba nyumbani. Mwaka 1801, wakati wa njaa, Michael alipewa mkate mmoja uliopasa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Alipokuwa na miaka 13 alianza kutumwa-tumwa na Bwana George Riebau, muuza vitabu. Mwaka uliofuata akaanza kujifunza kwake kazi ya kujalidi vitabu, kwa muda wa miaka 7. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia, na humo ndimo alimokutana na habari za umeme.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mashuhuri, akifundisha katika Royal Institution. Faraday aliandika mafundisho hayo, akayajalidi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akampelekea Davy na kuomba kazi. Mwezi Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili vya kulala juu ya jengo. Humo aliendelea kufanya kazi hata uzee wake.

Wazazi wake walikuwa wa kanisa dogo la Wasandemani, lililotoka Uskoti, ambalo waumini wake hawakujiwekea mali na walikula pamoja chakula cha upendo kila Jumapili. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard wa kanisa hilo hilo, na mwezi uliofuata akakiri imani yake mbele ya wote. Hawakujaliwa watoto, lakini walipendana mpaka mwisho.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia nyaya za shaba pande mbili, mbalimbali. Alipounganisha waya wa upande mmoja na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa upande wa pili ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoutenga na betri, ikashtuka tena. Basi akatambua kwamba sumaku iliyotulia haileti umeme. Umeme huja nguvu ya sumaku inapobadilika. Kabla mwaka haujaisha alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata umeme usiokatika. Jenereta zetu zote zimetokana na jambo hilo. Alisadiki kwamba Muumba ni mmoja, kwa hiyo nguvu za maumbile nazo zina undugu. Mwaka 1845 alionyesha kwamba hata mwanga huguswa na sumaku.

Mwaka 1840 alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akahubiri na kutembelea wagonjwa. Lakini mwezi Machi 1844 kanisa lilimtenga na ushirika, yeye na wengine kadhaa. Wakati huo jina lake lilijulikana Ulaya nzima, na watu wa kanisa lile wengi walikuwa watu wa kawaida tu. Angeweza kuwapa kisogo, akajiunga na kanisa lenye watu wa cheo. Hakufanya hivyo. Alinyenyekea, na baada ya majuma machache akarudishwa. Uzee wa kanisa hakurudishiwa mpaka mwaka 1860. Tena alijua kwamba kwa desturi yao, aliyetengwa mara ya pili hapokelewi tena. Akaishi na hofu hiyo miaka yote, wala hakuondoka.

Kumbukumbu yake nayo ilianza kumpotea akiwa bado na nguvu za mwili. Akaandika majaribio yake siku kwa siku, aya kwa aya, akizipa namba, hata zikapita 16,000. Mara mbili aliombwa kuwa rais wa Royal Society, akakataa. Kila Krismasi ilipowezekana aliwafundisha watoto, naye alipenda sana kuwaeleza mambo ya mshumaa unaowaka.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakuu. Alizikwa Highgate, upande wa wale wasiokuwa wa Kanisa la Uingereza. Hata hivyo jina lake limewekwa katika Abbey hiyo, karibu na kaburi la Isaac Newton.

Ndugu zetu, wako miongoni mwetu walioacha kuja ibadani kwa sababu ya neno moja la mzee wa kanisa, au kwa kuondolewa katika kamati. Pengine walionewa kweli. Lakini tumwangalie mtu huyu, aliyekuwa na kila sababu ya kujiona mkubwa kuliko waliomhukumu, naye akarudi kuketi pamoja nao. Bwana atupe moyo wa namna hiyo, na atupe sisi tuliobaki ndani moyo wa kuwapokea wanaorudi. Amina.