Jenerali aliyejaza kabati langu, na babu asiyemo hata kitabu kimoja

Leo tuache kidogo siasa na bei ya mafuta. Nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyekula pesa yangu kuliko hata mwenye nyumba wangu. Mtu mwenyewe alikufa mwaka 1964, sijawahi kumwona, na Kijerumani chake sikijui. Anaitwa Paul von Lettow-Vorbeck.

Mimi nina ugonjwa wa kukusanya vitabu vya historia ya vita. Wengine wanakusanya jezi, wengine viatu, mimi navizia vitabu. Ugonjwa ulianzia Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Nilikuwa napita zangu nikaona kitabu hakina jalada, pembeni kimetafunwa na mende. Kilikuwa The Battle for the Bundu cha Charles Miller, kilichotoka mwaka 1974. Nafungua katikati nakutana na Tanga, Rufiji, Mahiwa, Tabora. Duh! Vita vya Wazungu, majina ya kwetu. Tukavutana bei na muuzaji mpaka nikatoa nauli yangu yote. Siku ile nilitembea kwa mguu kutoka Posta hadi Kariakoo, mzigo wangu kwapani. Kumbukeni hiyo Kariakoo, tutairudia.

Sasa huyu jamaa alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 mjini Saarlouis, Ujerumani, katika ukoo wa kijeshi. Kabla ya kuja kwetu alishapigana sehemu mbili. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akaenda Namibia ya leo, akawa chini ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyeamuru Waherero wafukuziwe jangwani wafe kwa kiu. Mauaji yale Ujerumani yenyewe iliyakubali kuwa ya kimbari mwaka 2021. Huko Namibia, mwaka 1906, Lettow alijeruhiwa jicho la kushoto na uwezo wake wa kuona ukapotea. Vitabu vingi vinapita hapo mbio mbio kufika Tanga. Na mimi nilipita mbio mbio, sikatai.

Alitua Dar es Salaam Januari 1914, akiwa luteni kanali wa miaka 43. Alikabidhiwa jeshi la koloni lenye askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani kama 260. Agosti vita vikaanza. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita, alitaka koloni libaki salama. Lettow akakataa. Hesabu yake ilikuwa kwamba koloni hili haliwezi kuiokoa Ujerumani, lakini linaweza kuwavuta maadui wengi wahangaike porini Afrika badala ya kupigana Ulaya. Shikeni hiyo hesabu, maana kila kilichofuata kilitoka humo.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India. Lettow alikuwa na kama 1,000 tu. Walichapwa vibaya. Katikati ya mapambano nyuki wakatoka mizingani wakawavamia watu wa pande zote, ndiyo maana Waingereza wanaviita vita vya nyuki. Waliokimbilia melini waliacha bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Yaani adui ndiye aliyemletea silaha.

Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji. Lettow akaagiza mizinga yake ing'olewe, ikaburutwa nchi kavu na kutumika vitani miaka iliyofuata. Nilipokuwa kijana nilisoma hapo nikacheka peke yangu kwa kufurahi. Sikujiuliza iliburutwa na nani.

Mwaka 1916 akaja Jan Smuts wa Afrika Kusini na jeshi kubwa. Dar es Salaam ikaanguka Septemba 4. Tabora ikatekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 mwezi huo huo. Lettow akarudi nyuma kusini, anapiga, anakimbia, anapiga. Oktoba 1917 pale Mahiwa, Lindi, aliwaumiza Waingereza zaidi ya 2,000 kwa siku nne. Novemba akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akawapora Wareno silaha na chakula. Mwaka 1918 akarudi tena huku, kisha akaingia Zambia ya leo. Novemba 13 alikuwa Kasama, hajui kwamba Ulaya vita vimekwisha siku mbili nyuma. Alisalimisha silaha Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Kwao alipokelewa kama shujaa. Machi 1919 alipita na watu wake Berlin chini ya lango la Brandenburg. Mwaka 1920 akatoa vitabu viwili, kimoja cha vijana kiitwacho Heia Safari! Hata dinosaria mmoja aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina lake. Mwaka huo huo wa 1920 akatimuliwa jeshini kwa kushiriki jaribio la kuipindua serikali. Baadaye akawa mbunge, 1928 hadi 1930. Hitler alipomtaka awe balozi London alikataa. Vita vya pili vikamla wanawe wawili wa kiume.

Lakini tukio linalonikaa zaidi kichwani ni la 1929. Maofisa wa Kiingereza waliopigana naye Afrika walimwalika chakula cha usiku London. Smuts alikuwepo. Watu waliowindana porini miaka minne wakakaa meza moja wakikumbushana vita. Wakawa marafiki hasa. Baada ya vita vya pili, Lettow akiwa hana kitu, Smuts alimtumia vifurushi vya chakula.

Nilipokuwa mwanzo wa ugonjwa huu, stori hiyo niliipenda kuliko zote. Niliona ndiyo sisi hasa. Maana na mimi nimepata ndugu kupitia vitabu hivi. Yule muuzaji wa Posta ndiye aliyeniunganisha. Siku moja akaniambia kuna mzee mstaafu wa jeshi naye anaulizia vya vita hivyo hivyo, nimwachie namba. Mzee akapiga, nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kijana wangu, na kabla ya habari za nyumbani akaniuliza kama ninacho cha Brian Gardner. Baadaye akaongezeka mwalimu mmoja wa Tanga anayeijua kila kona ya uwanja ule wa 1914. Tunaazimana, tunagombana, tunanuniana kitabu kikirudi kimekunjwa kurasa. Mzee anasema Lettow alikuwa fundi wa vita asiye na mfano. Mwalimu anasema fundi gani aliyepoteza nchi nzima. Chai inapoa.

Mzee ndiye aliyenionyesha historia rasmi ya Waingereza ya vita hivi, iliyoandikwa na Charles Hordern na kutoka mwaka 1941. Kitabu kizito, ramani za kukunja, raha tupu. Kinaanzia Agosti 1914 na kuishia Septemba 1916. Nikamuuliza juzuu ya pili iko wapi, niko tayari kuuza hata redio. Akacheka. Akasema haipo. Haijawahi kuchapishwa.

Nikakaa kimya, maana mtu ninayemtafuta mimi yumo mwaka 1917.

Ndugu zangu, mimi kwetu ni Dodoma, Ugogo. Baba yake babu yangu alichukuliwa na Waingereza mwaka 1917 akabebe mizigo ya jeshi kwenda kusini. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba aliondoka asubuhi na kamba ya mzigo begani, mkewe akiwa na mimba ya babu. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna siku ya kufa. Nimepekua faharasa za vitabu vyote kabatini. Lettow yumo kurasa mia. Smuts yumo. Farasi wa maofisa wamo kwa majina. Babu hayumo, na wala sikutegemea awemo, lakini kidole bado kinashuka kwenye orodha kila nikipata kitabu kipya.

Ikabidi nianze kununua vitabu vya aina nyingine. Cha Geoffrey Hodges kuhusu wapagazi, cha 1986, ndicho kilichonifungua macho. Humo nikaelewa kwamba malori yalizama matopeni, ng'ombe na farasi waliuawa na ndorobo, kwa hiyo vita vyote viliwekwa kwenye vichwa vya watu. Kila risasi na kila kilo ya unga. Waingereza peke yao walichukua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa upande wao wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kisichoiva. Upande wa Lettow hata hesabu haikuwekwa. Daktari wake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa.

Na njaa hiyo kwetu ina jina. Wagogo wanaiita Mtunya. Majeshi yote mawili yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kulima, kisha mvua ikagoma. Wanahistoria wanakadiria walikufa watu 30,000, kama mmoja kati ya kila watano. Ile hesabu ya Lettow ya kuwavuta maadui porini ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi, lakini sisi ndio tuliokuwa tunaishi humo porini.

Kariakoo sasa. Jina linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, ambacho kilikuwa na kambi pale. Nairobi nao wana Kariokor yao. Siku ile nilitembea na kitabu kwapani nikidhani naenda mahali pa kununua mashati. Na kule Posta nilikotoka, ile sanamu ya mwaka 1927 tunayoiita Sanamu ya Askari, aliyesimama juu yake ni mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayupo pale juu.

Lettow alirudi Dar es Salaam kutembea mwaka 1953, na askari wake wazee wakaja kumpokea. Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mazikoni alizungumza waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara. Mwaka huo huo bunge lao likaamua askari waliobaki hai walipwe malimbikizo ya mishahara. Miller anasimulia kwamba Mwanza walijitokeza wazee 350 hivi, wachache tu wakiwa na vyeti. Afisa wa benki akampa kila mmoja fagio ashike kama bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Stori hiyo mzee wangu akiisimulia anatokwa na machozi. Na mimi zamani yalinitoka. Siku hizi namuuliza, mzee, na mpagazi angepimwaje? Angepewa gunia? Wapagazi maelfu waliokufa upande wa Waingereza, mishahara yao haikuwafikia ndugu zao. Mara ya kwanza kumuuliza alininunia wiki mbili. Kisha akapiga simu, hakutaja jambo lile, akaniambia tu kwamba amekumbuka: kijijini kwao alikuwepo mzee mwenye kovu refu begani, watoto walikuwa wakimcheka, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Tangu siku hiyo, tukikutana na mwalimu wa Tanga, tunaanza na daftari. Kila mmoja anaandika jina la mpagazi alilolipata kwa wazee, kijiji chake, na alichukuliwa na upande gani. Ndipo tunabishana habari za Lettow.

Simchukii jenerali. Vitabu vyake bado vinakaa rafu ya juu na sitaviuza. Lakini Heia Safari! nikiipata siku moja, nitaiweka jirani na lile daftari.

Wewe unayesoma hapo kafe na dakika zinakatika, fanya hili kwanza: ukifika nyumbani muulize bibi au babu kama kuna mtu wa ukoo aliyechukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani akabebe mizigo. Ukipata jina, hata nusu jina, liandike hapo chini kwenye maoni pamoja na kijiji. Na kama kuna anayekijua kitabu chochote kilichoandikwa upande wa wapagazi, tuambie bei na mahali. Nauli nitaitafuta.