Stanley na Vitabu vya Safari

Mtoto wa Eringeti anaijua barabara itokayo Beni na kupita msituni mpaka Komanda. Upande wa mashariki liko bonde la mto Semliki, na ng'ambo ya bonde ni milima ya Ruwenzori yenye theluji. Katika miaka ya 1887 hadi 1889 mgeni mmoja alipita msitu huu upande wa kaskazini, kisha akashuka bonde lile la Semliki. Aliporudi kwao aliandika kitabu, na watu wengi wa Ulaya walioijua nchi yetu waliijua kwa kitabu hicho tu. Jina lake ni Henry Morton Stanley.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales, jirani ya Uingereza, akaitwa John Rowlands. Baba yake hakumjua, na mama yake hakumlea. Alipokuwa na miaka 6 alidanganywa kwamba anapelekwa kwa shangazi yake. Kumbe alipelekwa katika nyumba ya maskini, mlango ukafungwa nyuma yake. Humo alikaa miaka 9, na humo alijifunza kusoma. Mwaka 1855 askofu wa pale alimpa Biblia kuwa zawadi ya bidii yake darasani.

Alipokuwa kijana alipanda merikebu kwenda Marekani. Katika mji wa New Orleans alipata kazi dukani, na mshahara wake wa kwanza, kama alivyosimulia mwenyewe, aliutumia kununua vitabu vikuukuu. Akachukua pia jina la tajiri mmoja wa mji ule, Stanley, akisema kwamba tajiri huyo alimfanya kuwa mwanawe. Wanaochunguza habari zake siku hizi hawasadiki yote aliyosema. Mtoto asiye na baba alijitungia baba, labda ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye akawa mwandishi wa gazeti moja la New York. Gazeti lilimtuma Afrika kumtafuta David Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Mwaka 1871 alimkuta Ujiji, kando ya ziwa Tanganika. Kitabu alichoandika juu ya safari hiyo kilimpa jina kubwa. Alirudi Ulaya na mtoto wa Kiafrika, Kalulu, aliyepewa na mfanya biashara wa Tabora. Kalulu alisoma shule London, akafika hata Marekani. Mtoto huyu aliona maisha ya ng'ambo kwa macho yake, lakini hakupata nafasi ya kuyaandika. Alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877.

Safari hiyo ya pili Stanley aliianza mwaka 1874. Kabla ya kuondoka alinunua vitabu zaidi ya 130 vilivyoandikwa juu ya Afrika, akavisoma usiku na mchana, akiandika kando mahali ambapo hakuna mtu aliyefika na kurudi na habari. Basi akaja kutafuta mahali hapo. Alitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akazunguka maziwa makubwa, akafuata mto Kongo mpaka Boma, akafika mwezi wa Agosti 1877. Wazungu 3 waliotoka pamoja naye walikufa wote, na wapagazi wengi sana pia.

Njiani, mahali paitwapo Mowa, watu walimwona akiandika katika daftari wakaogopa kwamba ni dawa ya kuharibu nchi yao. Walitaka daftari ichomwe moto. Stanley aeleza kitabuni kwamba aliwapa kitabu cha Shakespeare, wakakichoma, wakaridhika. Ni hadithi nzuri, nayo ilisomwa sana. Lakini daftari yake ya safari imehifadhiwa mpaka leo, na ndani yake ameandika kwamba alichowapa ni karatasi moja tu aliyoichora-chora. Watu wa Ulaya hawakuwa na daftari ile mikononi. Walisoma kitabu, wakasadiki.

Tangu mwaka 1879 Stanley alimtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Alipasua miamba ili kufungua barabara kando ya maporomoko, na watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Yeye na wenzake walipeleka pia barua kwa wakuu wa Kongo. Wakuu walitia alama zao chini ya maneno ambayo hawakuweza kusoma, na kwa barua hizo mfalme alidai kwamba nchi ni yake. Yaliyofuata, yaani kodi ya mpira, viboko na kukatwa mikono, yanajulikana.

Sasa tuje kwenye msitu wetu. Mwaka 1887 Stanley alitumwa kumsaidia Emin Pasha, aliyezungukwa na maadui upande wa ziwa Albert. Tarehe 28 Juni aliondoka Yambuya na watu 389, wengi wao Wangwana kutoka Unguja. Ni kwa jina la Wangwana kwamba Kiswahili cha huku kiliitwa Kingwana. Walitembea siku 160 chini ya miti. Njaa iliwashika, wakala uyoga na matunda ya mwitu. Wenyeji waliwapiga mishale ya sumu, wala si ajabu: wawindaji wa watumwa na pembe walikuwa wamekwisha kuchoma vijiji vyao, na watu wa Stanley nao waliingia mashambani kuchukua ndizi pasipo ruhusa. Walipotoka msituni mwezi wa Desemba, waliokuwa naye hawakufika nusu ya wale 389.

Kwa Stanley msitu ulikuwa giza na mauti. Lakini katika msitu ule ule Wambuti walikuwa wakila asali na nyama, wakilea watoto wao, wakijua kila kijito kwa jina lake. Wangekuwa na kalamu, wangeandika kitabu kingine kabisa.

Mwaka 1890 alikaa Cairo, na kwa muda wa siku 50 hivi akamaliza juzuu 2 nene. Ruwenzori na theluji yake ameieleza vizuri, na kusoma maneno yake juu ya mlima huo ni furaha hata leo. Maofisa wake wachache wana majina na picha. Wapagazi waliolala njiani, wengi ni hesabu tu.

Stanley alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa kando ya Livingstone katika kanisa la Westminster, lakini wakubwa wa kanisa walikataa. Kaburi lake liko kijijini Pirbright, chini ya jiwe kubwa lisilochongwa, na juu yake imeandikwa Bula Matari, maneno ya Kongo ambayo watu wa kijiji kile hawayafahamu.