Marcello Malpighi na Tabaka la Ngozi

Watazame wakulima wa Iringa na Mbeya. Viganja vyao vina sugu zilizoletwa na mpini wa jembe. Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya nyanda za juu inapokuwa kali, ngozi ya miguu hupauka na kupasuka, nawe ukijikuna huona unga mweupe ukianguka. Unga huo ni ngozi iliyokufa. Kila siku ngozi hubanduka kidogo kidogo, lakini haiishi, kwa kuwa nyingine hupanda kutoka chini. Mmoja wa watu wa kwanza kuichunguza ngozi kwa hadubini, tabaka baada ya tabaka, alikuwa Marcello Malpighi, daktari wa Italia.

Malpighi alizaliwa mwaka 1628 huko Crevalcore, karibu na mji wa Bologna. Alipokuwa akisoma chuoni, wazazi wake wote wawili walifariki, ikambidi aache masomo kwa muda ili awatunze wadogo zake. Alirudi chuoni, na mwaka 1653 akawa daktari. Siku zile waalimu wengi wa udaktari walifundisha yaliyoandikwa katika vitabu vya kale tu. Malpighi alipenda kujionea kwa macho yake, na jambo hilo lilimletea maadui kazini kwa maisha yake yote.

Mwaka 1661 aliangalia pafu la chura kwa hadubini. Aliona mishipa ya damu iliyo myembamba mno, inayounganisha mishipa inayotoka moyoni na ile inayorudi moyoni. Daktari Mwingereza William Harvey alikuwa amekwisha kueleza kwamba damu huzunguka mwilini, lakini alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia hiyo ndogo. Nasi tumshukuru yule chura, maana mapafu yake ni membamba, na mwanga hupenya ndani yake kwa urahisi.

Mwaka uliofuata Malpighi alikwenda kufundisha Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko alichemsha ulimi wa ng'ombe, akaubandua ngozi yake kwa uangalifu. Chini ya ngozi ngumu ya juu alikuta tabaka laini, na chini ya tabaka hilo vinundu vidogo vingi vinavyopokea ladha. Kisha akaichunguza na ngozi ya mwili, akakuta mpango unaofanana na huo. Habari hizo alizichapisha mwaka 1665. Alieleza pia kwamba weusi wa ngozi ya Mwafrika umo katika tabaka lile laini tu. Ngozi iliyo chini yake ni nyeupe kama ya watu wengine wote. Hili lilikuwa neno kubwa, kwa sababu wakati ule watu wengi wa Ulaya walisimulia mambo yasiyo na msingi juu ya rangi ya Mwafrika.

Mwaka 1669 chama cha wanasayansi cha London, kiitwacho Royal Society, kilimfanya kuwa mwanachama wake. Nyumbani, hata hivyo, upinzani haukupoa. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua moto, na hadubini zake na maandishi mengi yakateketea. Alikuwa na umri wa miaka 56 wakati huo, naye akaendelea na kazi. Mwaka 1691 aliitwa Roma kuwa daktari wa Papa, na huko ndiko alikofariki mwaka 1694. Tabaka alilolieleza bado huitwa kwa jina lake: tabaka la Malpighi.

Malpighi alidhani tabaka hilo ni utelezi tu. Leo tunajua kwamba limejaa seli hai. Seli za chini kabisa hugawanyika. Baadhi ya seli mpya hubaki palepale, na nyingine husukumwa juu. Zikiwa njiani hubadilika: hujaa kitu kigumu kiitwacho keratini, ambacho pia hufanya kucha na nywele, kisha huwa bapa, hufa, na mwishowe hubanduka. Safari hiyo huchukua mwezi mmoja au zaidi. Mpini wa jembe ukisugua kiganja mara kwa mara, seli huongezeka upesi na tabaka la juu huwa nene. Hiyo ndiyo sugu.

Je, seli hujuaje wakati wa kubadilika? Ndani ya kila seli hai ya ngozi mna maagizo yaitwayo jeni, tuliyorithi kwa baba na mama. Seli ya chini na seli iliyo njiani kwenda juu zina jeni zilezile. Tofauti yake ni kwamba si jeni zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Seli ikiwa chini, jeni za kugawanyika huwa zimewashwa. Ikianza kupanda, hizo huzimwa, na jeni za kutengeneza keratini ngumu huwashwa. Ziko pia jeni zinazoongoza nyingine. Mwaka 1999 wanasayansi walitangaza habari za panya waliokosa jeni moja ya namna hiyo, iitwayo p63. Panya hao walizaliwa bila tabaka za ngozi zinazokinga mwili, wakakauka na kufa muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Katika tabaka la Malpighi zimo pia seli zinazotengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini, na kuwagawia jirani zao. Melanini huzikinga seli na mionzi mikali ya jua. Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo, lakini jeni mojawapo ya kutengeneza rangi ina kasoro; hapa Tanzania mara nyingi ni ile iitwayo OCA2. Ngozi yake hukua, hukomaa na kubanduka kama ya mwenzake, ila haina kinga hiyo. Mbeya na Iringa ziko juu sana, na mionzi ya jua huko ni mikali hata hewa inapokuwa ya baridi. Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino huhitaji kofia pana na nguo za mikono mirefu awapo shambani au uwanjani, hata siku za mawingu.