Jesse Livermore: Aliishinda Bei, Nafsi Ikamshinda

Wajuao karata husema kwamba hodari si yule apataye karata nzuri, bali ni yule ajuaye kuzitupa zilizo mbaya mapema, akangoja, na uso wake usioneshe furaha wala huzuni. Kamari kwetu ni haramu, nami simsifu mchezaji wake. Lakini maisha ya Bwana Jesse Livermore wa Marekani, aliyeichukua tabia hiyo akaingia nayo katika soko la hisa, yana funzo ambalo sipendi limpite msomaji.

Livermore alizaliwa mwaka 1877 katika jimbo la Massachusetts, mwana wa mkulima maskini. Baba alimtaka ashike jembe. Mama akampa dola chache, naye akiwa na umri wa miaka 14 akaenda zake Boston. Huko alipata kazi ya kuandika bei za hisa ubaoni katika ofisi ya madalali. Kijana alikuwa mwepesi wa hesabu. Alizinakili bei katika kijitabu chake, akatambua kwamba kupanda na kushuka kwake kuna mwendo, na kwamba wanaozisukuma ni watu, kwa hofu yao na tamaa yao.

Alianzia katika vyumba ambamo mtu aliweka fedha akabashiri bei tu, bila ya hisa yoyote kununuliwa wala kuuzwa. Ilikuwa kamari tupu iliyovikwa kanzu ya biashara. Akashinda mno hata wenye vyumba wakamfukuza, kwani alichopata yeye ndicho walichopoteza wao.

Alipohamia New York, kwenye soko lenyewe, alipoteza fedha zake zote zaidi ya mara moja. Hasara hizo ndizo zilizomfunza kanuni zake: hasara ikatwe ingali ndogo, faida iachwe ikue, usiongeze fedha juu ya hisa inayokutia hasarani, usifuate uvumi, na usipoiona njia, kaa kitako usifanye kitu. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana mkono wa mchezaji huwasha.

Oktoba 1907, soko liliposhikwa na hofu, yeye alikuwa amekwisha kuuza hisa za kuazima kwa bei ya juu ili azinunue na kuzirudisha kwa bei ya chini. Wanavyuoni wetu wengi hukataza mtu kuuza asichokimiliki. Kwake yeye, siku moja ilileta faida ya kiasi cha dola milioni 1.

Haukupita muda. Mwaka 1908 alimsikiliza mtaalamu mmoja wa pamba mwenye ulimi mtamu. Pamba ikashuka, naye akazidi kuinunua. Ngano iliyokuwa ikimpa faida akaiuza. Kanuni alizivunja kwa mkono wake mwenyewe, na mali karibu yote ikateketea. Mwaka 1915 alitangazwa muflisi. Lakini aliposimama tena aliwalipa waliomdai, ijapokuwa sheria ilikwisha kumwondolea deni, na kwa hilo mimi namheshimu.

Mwaka 1923 Edwin Lefèvre alitoa kitabu kilichosimulia maisha yake kwa jina la kubuni, na wafanyabiashara wangali wakikisoma. Soko lilipoporomoka mwaka 1929, inakadiriwa Livermore alipata dola milioni 100, wakati maelfu walilala matajiri wakaamka maskini. Mwaka 1934 alikuwa muflisi tena, madeni yakipita dola milioni 2. Mwaka 1940 alichapisha kitabu chake mwenyewe cha kufundisha watu biashara ya hisa. Novemba ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 63, alijiua katika hoteli moja ya New York.

Je, alikosa elimu? La. Kanuni alizijua kuliko yeyote, na wengine walizifuata wakafaidika. Alichokosa ni kuidhibiti nafsi kila siku, siku ya kushinda na siku ya kushindwa. Naona siku ya kushinda ndiyo iliyomwangusha zaidi, kwani ndipo alipojiona hakosei. Vijana wetu wanaonunua na kuuza kwa simu hivi leo wataipata elimu ya bei kwa urahisi. Hatamu ya nafsi haiuzwi sokoni. Yataka kila mtu aisuke mwenyewe, na aishike mpaka mwisho wa safari.